Mshono wa Tumboni

Mhandisi Oelofse alianza na bakuli la mkewe.
Alilifudikiza, akalipuliza kwa chini kwa pampu ya baiskeli;
pumzi ikagota, ikalirusha.
Kisha akakunja pakiti ya sigara, ikawa herufi V,
akaishika, ncha chini. Pumzi ikagawanyika,
ikapita huku na huku kama watu wanaomkwepa fahali njiani.
"Umeona?" akauliza. Nilikuwa nafagia.
Nikasema, ndiyo, bwana. Na kweli niliona.

Malori ya zamani yalikuwa na matumbo bapa.
Kule mpakani, kaskazini, ardhi ilikuwa imefunzwa kuuma;
kitu kidogo kama sufuria ya uji kilinyanyua lori zima,
na vijana waliomaliza shule juzi
walirudi Benoni wepesi mno ndani ya majeneza.
Sikuwalilia. Sikuwacheka.
Nilikuwa na watoto wanne, na chuma kilikuwa na kazi.

Pembe ya ile V tuliibishania miezi miwili.
Ikichongoka mno, gari hurefuka, hupinduka konani kama mlevi.
Ikilegea, moto huingia miguuni.
Magurudumu tuliyatenga nje, yang'oke yenyewe.
"Mpe shetani mguu," alisema Oelofse, "aondoke nao."
Viti havikugusa sakafu: vilining'inia kwa mikanda.

Mshono wa chini kabisa, mabamba mawili yanapokutana,
ulikuwa wangu.
Kwenye karatasi ya mshahara nilikuwa msaidizi.
Mikononi nilikuwa mchomeleaji.
Na kila mchomeleaji ana mwandiko: wangu unalalia kushoto,
kwa ajili ya kidole nilichokiacha kwenye mashine ya kukatia;
magamba ya samaki, yote yamelala ubavu mmoja.

Siku ya majaribio tulikwenda shamba la mahindi lililovunwa.
Vitini waliketisha magunia ya mchanga, kila gunia uzito wa mtu,
na Oelofse, nje ya utaratibu,
akafunga kwa mkanda trei moja ya mayai.
Ardhi ilipiga kelele mara moja tu.
Gurudumu likaruka, likaenda kutua kwa jirani.
Tukafungua mlango wa nyuma.
Mayai thelathini. Yaliyopasuka, mawili.

Nilijilaza chini ya gari, mgongo kwenye udongo wa moto,
nikaupapasa mshono kwa kiganja. Haukuwa umefumuka popote.
Nitasema kweli: nililia kwa furaha.
Nilipewa mayai ishirini na manane, nikayakumbatia ndani ya treni.
Mmapula akakaanga.
Kgosietsile, miaka mitano, alikula matatu.

Mtaani kwetu, ng'ambo ya reli, ardhi haikuwahi kumuuma mtu.
Chini mlikuwa na mabomba ya maji, mizizi,
paka wa jirani tuliyemzika.
Lakini mwaka wa themanini na tano, Jumanne, lilikuja,
la rangi ya manjano, refu kuliko paa letu.
Tulilipandisha juu ili tumbo liwe mbali na ardhi.
Kumbe tuliwapa pa kuchungulia nyua za watu.

Mwanangu alirusha jiwe.
Jiwe likafanya kama pumzi ya pampu:
likafika, likateleza, likaenda zake.

Lilipovuka mtaro liliinua pua,
nami nilikuwa nimemlalia mwanangu, shavu matopeni,
nikaliona tumbo lake.
Magamba yamelalia kushoto.
Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Wakashuka kumi na wawili,
hakuna hata mmoja aliyepasuka.

Usiku nilimtoa marisau mgongoni kwa kibano cha nyusi cha mamake.
Hakulia. Aliuliza ukutani:
"Baba, lile dude linavunjikia wapi?"
Nilijua. Palikuwa na mahali pawili.
Nikasema, tulia,
usitikisike,
bado moja.